Upande wa Kushoto wa Miwani ya Mama Salima

Baba Joyce,

Shikamoo. Nimeiandika halafu nikakaa kidogo, kama nilivyozoea kungoja "marahaba, fundi" yako kabla sijatua mkoba. Basi naendelea tu, maana nisipoandika leo sitaandika tena.

Ni mimi, Rehema wa Lisekese. Niko hapa hapa barazani, sokoni Masasi, kwenye meza yetu ya kutengenezea miwani. Msimu wa kupulizia mikorosho umeanza tena. Watu wanatoka mashambani na miwani yao ya jua ya fremu za chuma, bawaba zimejaa unga wa salfa, rangi imebabuka, na ile kutu ya kijani imeota panapogusa pua. Kila siku napokea mbili, tatu. Nainusa kwanza, kama ulivyokuwa ukifanya. Na kila nikiinusa nakumbuka ile moja.

Sitaki kuzunguka. Miwani ya Mama Salima hukuikosea wewe. Niliikosea mimi. Upande wa kushoto sikuusugua. Na uliponiuliza, nilikudanganya.

Hayo ndiyo niliyoshindwa kukwambia ukiwa hai. Miezi mitano nilikuwa nayo mdomoni.

Sasa niyaseme kwa mpangilio, wewe hukupenda kazi ya kurukaruka.

Nilikuja kwako mtu mzima, nimeachika, nina binti mmoja na sina kazi. Watu wa barazani walicheka, mwanamke na ufundi wa miwani wapi na wapi. Wewe wiki ile ile ukaanza kuniita fundi mbele ya wateja, hata skrubu nilikuwa sijui kuifungua bila kuiangusha. Ukanifundisha kuosha fremu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kutoa vioo na kuvifunga kwenye vipande vya shati lako jeupe la zamani. Kutoa vile vipira vya puani, kwa sababu kutu hujificha chini yake. Kisha siki kwenye mswaki, taratibu, mpaka kijani chote kitoke na chuma chenyewe kionekane. Suuza, kausha, angalia tena kwa kioo cha kukuzia. Palipochimbika, msasa laini. Rangi baadaye, na vanishi juu yake, na siku mbili nzima mtu asiiguse.

Halafu ulikuwa unaivaa. Hilo ndilo lililonichekesha zaidi. Asubuhi nzima umekaa na miwani ya mteja usoni, hata ya kike, hata ile yenye maua pembeni, na Mama Tatu kwenye cherehani yake anakupigia vigelegele. Ulikuwa hujali. "Ikiniuma mimi, itamuuma na mwenyewe," ulisema.

Nikienda kuswali ulinishikia meza. Nikirudi ningekukuta unaimba sauti ya nne ya kwaya yenu, chinichini, na muhogo wangu umeufunika kwa sahani usipoe. Baba yangu mzazi hakuwahi kunifunikia chakula.

Basi Julai ile ndiyo akaja Mama Salima kutoka Mkunya. Alifungua pindo la kanga akatoa miwani. Mwaka uliotangulia alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, na daktari alimkataza kutembea juani bila miwani. Lakini fremu ile haikuwa yake, ilikuwa ya marehemu mumewe. Zamani ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Mume aliivaa akipulizia salfa misimu na misimu, jasho na salfa vikaila, ikabaki dhahabu kidogo kwenye mikono tu. Puani na nyuma ya masikio ilikuwa nyeusi na kijani. Ukamwambia ipo fremu nyingine nzuri, nyepesi. Akasema, "Sitaki nyingine, baba. Nataka hii hii."

Ulishinda siku mbili kwenye upande wa kulia. Siku ya tatu, Alhamisi, simu ikalia. Kaka yako mkubwa amefariki, huko kwenu Chidya. Nakumbuka ulivyoishusha simu mezani kama kitu cha kuvunjika. Ukachukua koti. Kisha, hata katika hali ile, ukarudi hatua mbili ukaniwekea ile fremu kiganjani. Ukasema hivi, neno kwa neno: "Kulia nimemaliza. Kushoto bado, hata vipira sijatoa. Usugue kesho, rangi keshokutwa. Mwambie aje katikati ya wiki."

Nilikusikia, Baba Joyce. Nilikusikia vizuri sana.

Ijumaa wateja walikuwa wengi. Mama Salima akapiga simu, kesho Jumamosi atafika Masasi kwa shughuli zake, je, aipitie? Na Jumamosi hiyo hiyo, nyumbani Lisekese, mtoto wa dada yangu alikuwa anatolewa mwali. Ngoma inaanza asubuhi. Mimi ndiye mama mdogo, sare imeshashonwa. Nilikuwa nawaza ngoma tu. Nikamwambia Mama Salima, njoo asubuhi, utaikuta tayari.

Nikapitisha kitambaa upande wa kushoto. Kitambaa kikavu! Vipira sikuvitoa. Nikapuliza rangi ya dhahabu juu ya kutu, juu ya unga wa salfa, juu ya kila kitu, nikaianika juani saa moja, nikapaka vanishi. Iling'aa, Baba Joyce. Iling'aa kuliko upande wako. Mama Salima alipoivaa alijitazama kwenye kioo chetu kidogo akaanza kulia. "Kama siku aliyoinunua," akasema. "Mwambie mzee Mungu ambariki." Nikaitikia amina, nikapanda bodaboda, nikaenda kucheza ngoma. Nilicheza kweli. Sikufikiria ile miwani hata mara moja.

Uliporudi msibani baada ya wiki ulikuwa umekonda. Ukauliza, "Ya Mama Salima?" Nikasema ameshachukua, amefurahi, amekuombea baraka. Ukaitikia kwa kichwa. Hukuuliza zaidi. Ulikuwa umechoka, na uliniamini.

Agosti akarudi. Unakumbuka. Alikuja na mwanawe mkubwa, na bandeji kutoka puani mpaka chini ya jicho lililopasuliwa. Pale chini ya kipira ngozi iliungua, ikachimbika, ikatunga usaha, uvimbe ukapanda mpaka kope. Alilazwa wiki nzima. Kijana akaitupa miwani juu ya meza. Rangi yangu ya dhahabu ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu, na chini yake kijani kimelowa.

Ukachukua kioo cha kukuzia. Ukatazama kulia, ukatazama kushoto. Watu wote wa baraza walikuwa wamesimama. Kisha ukaniuliza, bila ukali hata kidogo, "Rehema. Siku ile ya simu ya msiba, nilikuambia kushoto bado? Au niliondoka nikidhani nimemaliza?"

Nimeisikia sauti hiyo kila siku tangu hapo. Hukuwa unanitega. Ulikuwa hujui kweli. Ulikuwa unaniuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nikamtazama yule kijana. Nikamtazama Mama Tatu na wenzake, walionicheka nilipokuja. Nikasema, "Ulisema umemaliza, Baba Joyce."

Maneno mawili tu, na jina lako.

 Ukasimama, ukaweka mikono kifuani mbele ya Mama Salima. "Mama, unisamehe. Macho yangu ndiyo yaliyokosea, na akili imekosea. Sikukusudia." Ukampa fremu mpya, ukampimia vioo, hukutaka hata asante. Ile ya mumewe akaifunga tena kwenye pindo la kanga. Kijana akasema, "Mzee, kama huoni, pumzika. Utakuja kupofua watu." Ukamwitikia, "Kweli, mwanangu." Kama aliyepewa dawa akaipokea.

Na mimi nilikuwa pale pale, hatua moja kutoka kwako, nimeshika mswaki.

Kesho yake ulikuja mapema, ukafuta vifaa vyako kimoja kimoja, ukavifunga kwenye mkoba wa ngozi. "Meza ni yako sasa, fundi," ulisema. Nikakujibu, "Pumzika kidogo tu, Baba Joyce, utarudi." Ningeweza kusema hapo. Hapakuwa na kijana wala nani, tulikuwa wawili. Ukapanda gari la Chidya na mkoba umeupakata.

Nilikuja kwako Oktoba, wakati wa kuokota korosho. Nilibeba sukari na mkate, na njia nzima nilikuwa najifunza namna ya kuanza. Nikakukuta mkekani unachambua korosho, kila punje unaipapasa mara mbili, unaisogeza karibu na uso, bado unampa Joyce ahakikishe. Wewe, uliyekuwa unaona skrubu isiyozidi punje ya mchele! Mama Joyce akaninong'oneza jikoni kwamba Joyce alikupeleka hospitali, na daktari akasema macho yako hayana neno, ni uzee wa kawaida tu. Nikakuuliza. Ukacheka. "Madaktari wanajua kubembeleza wazee," ukasema.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua. Na wewe ukanitangulia: "Nashukuru Mungu siku ile ulikuwepo ukanisikia. Bila wewe ningekulaumu bure, ningekufukuza, ningebeba dhambi."

Nikafunga mdomo. Nikala ugali wenu. Nikaondoka na mfuko wa korosho ulizonichagulia kwa mkono wako, nzuri tupu, hakuna hata moja mbovu.

Ukafa Januari. Presha, walisema. Ulianguka uani asubuhi, mswaki wa meno bado uko mkononi. Joyce alinipigia simu nikiwa mezani, nikaendelea kupiga tupa kwenye fremu ya mtu kwa muda sijui gani, mpaka Mama Tatu akaja kunishika mkono. Msibani niliosha vyombo. Niliosha vyombo vyote, hata visivyochafuka. Na pale kaburini mzee mmoja wa kanisa lenu alipoeleza habari zako akasema: alikuwa fundi hodari, ila macho yalipomwangusha aliona aibu akaacha kazi kwa heshima. Watu wakaguna kwa huruma. Nilikuwa nimesimama kati ya wanawake, kanga imeniziba mdomo.

Siku ya arobaini yako Mama Joyce aliniita jikoni akanipa mkoba wako wa ngozi. "Alisema uje kuupata wewe." Sikuweza kuupokea. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikamwambia yote, kama nilivyokueleza hapa. Alikuwa anachagua mchele. Aliendelea kuchagua mpaka nilipomaliza. Kisha akauweka ungo chini.

"Miezi mitano," akasema. "Miezi mitano amekaa pale mlangoni anaitazama mikono yake. Namwambia mume wangu, wewe huna tatizo, ananijibu wewe hunijui tena. Alikuwa anaogopa hata kuwawekea kuku maji, Rehema. Anaogopa atakosea."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Akasema, "Chukua kilicho chako uende."

Mkoba wako akaurudisha chumbani. Alifanya vizuri. Niliporudi barabarani nilikuwa sijisikii vizuri zaidi, nisikudanganye tena. Nilidhani ukisema ukweli unapata nafuu. Sikupata.

Wiki mbili baadaye nikafunga vifaa vyangu, nikapanda gari la Newala. Hakuna aliyenituma. Kule juu kulikuwa na ukungu, bodaboda alinipeleka Mkunya nimejikunyata nyuma yake. Kimakonde changu ni cha kuombea maji tu, lakini watoto walinionyesha nyumba. Mama Salima alinikaribisha vizuri kwanza, akidhani ninapita. Nikaiona pua yake: kovu jeupe, limezama, kama alama ya kidole kwenye udongo. Jicho lilipona, alhamdulillah. Nikamwambia ni nani aliyempa kovu lile.

Hakupiga kelele. Alianza kuvuta uzi kwenye kanga yake. Akasema, "Yule mzee nilimtukana njia nzima, kutoka Masasi mpaka hapa. Nilimwita kipofu. Nilimwombea mabaya." Halafu akauliza, "Yuko wapi nikamwombe radhi?"

Ilibidi nimwambie na hilo pia.

Tulilia, kila mtu na kilio chake. Baadaye aliingia ndani akatoka na kikopo cha maziwa ya unga. Ile fremu ilikuwa ndani, imefungwa kwenye kitambaa. Hakuitupa. Ingewezekanaje aitupe? Akaiweka mbele yangu. "Itengeneze hapa hapa," akasema. "Nikuone."

Nilikaa kwake siku nne. Siku ya kwanza nilitoa rangi yangu yote, mpaka ya mwisho, nikatoa vipira, nikasugua kwa siki na mswaki, akiwa amekaa kwenye kiti pembeni yangu anaangalia vidole vyangu kama hakimu. Alikuwa ananiambia, "Hapo bado." Na kweli palikuwa bado. Kijani kilipoisha nikaona mashimo. Chuma chenyewe kilikuwa kimeliwa, upande wa kushoto zaidi, kwa sababu nilikifungia kutu ndani. Nikamwambia ukweli: mama, dhahabu hairudi. Nikiipaka tena ni kukudanganya, itabanduka. Naweza kuilainisha kwa msasa, nikaifunika kwa vanishi, puani niweke vipira vipya vikubwa chuma kisikuguse, na nyuma ya masikio niivishe mpira mwembamba. Lakini haitang'aa.

Akasema, "Mimi sikuomba ing'ae. Niliomba niivae."

Vanishi nikaiacha siku mbili nzima. Asubuhi ya mwisho niliivaa mimi, tukimenya mihogo. Mwanawe akatoka shambani akanikuta na miwani ya baba yake usoni, akasimama. Mama yake akamwambia habari yote kwa Kimakonde. Yule kijana alinipakia kwenye pikipiki yake mpaka stendi ya Newala. Njiani aliniuliza swali moja tu: kaburi lako liko wapi.

Niliporudi Masasi nikawaeleza watu wa baraza. Nilianza na Mama Tatu. Alizima cherehani. Kwa siku kadhaa hakunisalimia, na wateja wengine wamehamia kwa fundi wa kule stendi. Sawa. Waliobaki nawaambia mapema: hii ni ya siku nne, hii haiponi, hii usiivae mpaka nikwambie. Wananiona mgumu. Binti yangu anasema nimekuwa kama wewe, nikamwambia asirudie kusema hivyo.

Nakukosa, Baba Joyce. Saa nne muhogo ukiletwa huwa nahesabu vipande vya watu wawili. Juzi nilipata fremu ngumu, kutu imeingia mpaka kwenye bawaba, nikageuka kukuuliza. Nikageuka kabisa, na shingo, na mdomo wazi.

Wiki iliyopita Joyce alinijia hapa. Baada ya mavuno watakujengea kaburi, waweke msalaba wa saruji, na watu wataitwa wale wale waliokuwa kwenye mazishi. Mama Joyce amemtuma aniambie maneno haya: "Sijasema nimemsamehe. Nimesema aje. Kama ana la kusema, aliseme pale, mbele ya waliosikia yale mengine." Mama Salima nimemwambia. Anasema atakuja na mwanawe, na yeye ana lake la kukwambia.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Ungenipa haraka mno, nakujua, ungeniitia na muhogo. Acha nikae nalo. Ila kuna kitu nilikuchukulia mbele ya watu, na nitakirudisha mbele ya watu. Hilo nakuahidi. Nitakuja kwa miguu yangu, sitajificha nyuma ya wanawake wala kushika vyombo. Mzee wa kanisa akimaliza, nitaomba nafasi. Nitaanza na jina langu na jina la baba yangu, wajue ni nani. Kisha nitawaambia: mzee huyu alikuwa anaona.

Kwa leo nakuaga hapa, baba.

Rehema